Mbuzi Safi wa Simbo

Katubuka, Jumanne

Basi, leo sayansi imeshindwa na ukarimu.

Wiki iliyopita nilimpigia simu Mzee Gwasa wa Simbo kwamba nitakuja kuchukua kinyesi cha mbuzi wake. Wanachungwa wanakopita nyani, nami nataka kujua kama wanaambukizana minyoo. Ndiko usomi ulikonifikisha: kuomba kinyesi kwa heshima zote.

Nimewakuta mbuzi wameogeshwa. Zizi limefagiliwa kama sebule.

“Na ile dawa ya minyoo niliwapa siku ileile uliyopiga simu,” mzee akasema, uso umemchanua. “Mgeni haonyeshwi uchafu, daktari.”

Dawa yenyewe nilimpelekea mimi mwezi uliopita, kama shukrani, awape baada ya vipimo.

Nimeshukuru, nimekula ugali na dagaa, nimerudi na vichupa vitupu. Profesa anasubiri matokeo, na mkataba wangu utaisha kabla mbuzi hao hawajapata minyoo tena. Kusema kweli naogopa.

Kesho naenda kwa wafugaji wa Bangwe. Sipigi simu. Nitaingia bila hodi, kama minyoo wenyewe.