Aliyeomba Abaki Marehemu

Jumatatu, 3 Machi
Simu tangu asubuhi. Kazi ileile: kuwapigia watu wa upande wa pili wa mpaka na kuwauliza nani alikufa soko lao lilipopigwa mabomu. Kila jina mashahidi wawili, kabla shirika letu halijalitangaza kwenye orodha ya waliokufa. Leo Zawadi kapiga tena. Mumewe Baraka, fundi wa redio, hata mwili haukuonekana. Anataka kujua kama jina lake tumelitangaza. Ndiyo. Akanishukuru. Sipendi kushukuriwa kwa hilo.

Jumatano, 5 Machi
Msemaji wa jeshi lao redioni: orodha yetu ni ya kubuni, waliokufa ni wapiganaji, na baadhi wako hai. Kayitesi, mkuu wangu, akazima redio, akaendelea na chai yake. Tumezoea. Kuzoea kwenyewe kunachosha.

Alhamisi, 6 Machi
Namba nisiyoijua. Mwanamume.
"Dada, ni mimi Baraka. Niko muzima. Ile siku nilikimbia."
Nikamuuliza maswali yote tunayouliza. Jina la baba. Duka lilipokuwa. Ni yeye. Nilifurahi, kisha furaha ikakatika: aliomba jina lake libaki kwenye orodha.
"Musinitoshe ku liste. Wanasema nilitengeneza redio za adui. Wakisikia sikufa, watanitafuta."
Na Zawadi?
"Asijue kwanza. Uso wake hauwezi kuficha kitu."
Nachukia kwamba yule msemaji, kwa mtu huyu mmoja, kasema kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Nilimwambia Kayitesi.
"Oya," akakataa. "Jina moja ya uongo, yote inakuwa ya uongo."
Nikamjibu kwamba tukilitoa hilo peke yake, tunawaonyesha wa kumtafuta. Tulibishana hadi chakula kikapoa. Nilipaza sauti. Yeye hakupaza, na hilo ndilo lililoniuma. Mwisho akaamua: majina yote ya kijiji cha akina Baraka yaondolewe, iandikwe tu kwamba yanahakikiwa upya. Sawa. Ni ukatili pia.

Jumanne, 11 Machi
Msemaji anashangilia. Eti tumekiri.
Zawadi alipiga mchana, kasikia jina la mumewe limeondolewa.
"Munamutosha juu ya nini? Munasema hakukufa? Basi iko wapi?"
Nilijua anaishi. Nikasema tunahakiki. Akanitukana, akakata. Nilikwenda chooni nikasimama tu, bomba likiwa wazi. Jioni, mtaani kwetu Rwezamenyo, nilimpita jirani yangu bila salamu. Mimi, mtu wa Kigoma, kwetu salamu haikosi.

Ijumaa, 21 Machi
Simu ya Zawadi imezimwa tangu juzi. Ya Baraka pia. Kayitesi kaniuliza mara mbili kama nina habari. Kumbe naye hapati usingizi.

Jumapili, 30 Machi
Baraka kapiga. Yuko kambini, nchi nyingine, hakuitaja, sikuuliza. Kaka wa Baraka alimpeleka Zawadi huko. Sasa tunaruhusiwa kumtoa kwenye orodha.
Nyuma yake mwanamke alikuwa analalamika kwamba mboga imezidi chumvi. Sauti hiyo niliijua kwa msiba na hasira tu. Niliomba kumsalimu. Zawadi akakataa.
"Bado iko na hasira, dada."
Haki yake.
Kesho majina yanarudi, bila la Baraka. Kayitesi anataka kila moja lithibitishwe tena, kuanzia la kwanza. Msemaji atasema atakavyosema.
Nimepika wali, nimekula kidogo. Simu niliiacha mezani, sauti juu. Wiki zote hizi, namba ngeni ikiita, nilidhani ni marehemu mwingine wa orodha aliye hai.
Hajapiga mwingine.