Shimo la Mama Apolline

Kisangani, tarehe 14 Juni

Mama yangu mpenzi Régina,

Nakusalimu kwa heshima yote. Goti linaendeleaje? Na Rachelle amepona surua? Mimi mwili mzima, ila kichwa kimevurugika. Tafadhali barua hii uisome peke yako, asikusomee Clovis.

Nilipokuja Pasaka na vichupa ulinicheka, kwamba nimesoma miaka yote hiyo ili nichote maji yanayonuka. Basi maji yale, ya mashimo kumi na mawili ya kulowekea mihogo pale Lusangi, yalifika salama. Hapa labo tunatafuta bakteria wenye enzimu ya kulainisha nyuzi za mihogo na matunda, maana viwanda vya juisi vinaihitaji sana. Tuna kipande cha plastiki, ukubwa wa kiberiti, chenye mifereji myembamba kuliko unywele. Humo maji hukatwa kuwa matone ndani ya mafuta, maelfu kwa maelfu, kila tone na kidudu chake kimoja na chakula chake, ambacho hung'aa kikishalainishwa. Tone linalong'aa ndilo lenye fundi tunayemtafuta.

Matone ya mashimo kumi yalibaki giza. Yaliyong'aa ni ya kwako na ya Mama Apolline tu, na tulipokichunguza kidudu chenyewe, ni kilekile. Nilidhani nimechanganya vichupa. Nikarudia mara tatu, jibu likawa lilelile. Profesa François, mkuu wa labo yetu, akaniuliza kama ninyi wawili ni ndugu, mnapeana kipande cha muhogo wa zamani kuanzishia shimo jipya. Nikamjibu kwamba hamjasalimiana miaka tisa. Alipouliza sababu, nikajifanya simu inaita.

Sababu unaijua. Kwetu kipande kile huombwa, hakichukuliwi. Mama Apolline alisema umekiiba shimoni mwake, nawe ukasimama mbele ya kanisa zima ukasema, “Mimi si mwizi, Mungu iko anaona.” Wengi hawakukuamini. Sasa profesa anataka kuandika jina la mwenye shimo, na mwezi wa nane atakuja Lusangi kuwaeleza watu wote kwamba kidudu ni kimoja. Watasema nini juu yako? Wiki mbili nimejidanganya: labda ni maji ya mvua, labda ni miguu ya bata. Sijui tena ninachoamini, wala usingizi siupati.

Hapana, najua. Mama, ni mimi. Mwaka ule shimo letu lilikataa, mihogo ikabaki migumu siku sita, na ulikuwa umesema sitaenda Kasongo kufanya mtihani wa Serikali kabla unga haujapatikana. Nikaenda kwa Mama Apolline alfajiri, nikachukua kipande, nikakitumbukiza kwetu. Ulipoapa kanisani nilikuwa nyuma yako, nimeshika kitenge chako, nikanyamaza. Nimeona aibu miaka yote hii.

Profesa nimemwambia aandike shimo la Mama Apolline, na kwa nini. Yeye Mama Apolline nimemwandikia pia. Barua yake iko ndani ya hii, sikuifunga. Isome kwanza, ujue nimesema yote. Halafu, kama moyo utakubali, umpelekee wewe mwenyewe.

Wasalimie wote wa nyumbani, na Mungu akulinde.

Mtoto wako,
Laetitia