Koti Lililokatwa Bila Futi

Kwako mdogo wangu, uliyenyonya baada yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini u mzima, kile kifua kimeacha kukusumbua, na shemeji yangu hajambo. Sisi huku tunapumua. Shemeji yako amenuna lakini chakula anapika, kwa hiyo namshukuru Mungu. Mimi mgongo umenyooka kama rula na tundu la sindano naliona bila miwani. Herufi zangu usizicheke. Darasani nilikaa kidogo, nikatorokea kwenye cherehani, na mpaka leo koti nalishona vizuri kuliko ninavyoandika barua.

Yako nimeipata. Unasema nimezeeka vibaya. Unasema fundi mkubwa kama mimi, mwenye duka barabarani, kwenda kujibanza kwenye stoo ya nyumba ya askari wastaafu na kushonea vilema suruali, ni kuwatia aibu ndugu. Unasema wewe uliyevaa magwanda ujana wako wote unawajua, ni watu wa kuogopwa, niachane nao, na nisipoachana nao nisijihesabu kuwa nina mdogo. Haya, nimesikia. Sasa na wewe nisikilize, maana ni mimi niliyekubeba mgongoni, si wewe uliyenibeba.

Siachi. Nimelisema mapema ili usisome huku unasubiri.

Duka nimemwachia mwanao. Anashona sare za shule, mashine yake ya umeme inalia kama nyuki, na wateja wanampenda kwa sababu habishani nao. Mimi nilibishana nao miaka yote na walirudi. Nimevalisha mabwana harusi, nimevalisha mahakimu, nimemvalisha yule mwalimu mkuu ambaye tumbo lake lilikataa kila mkanda. Hakuna mwanamume aliyenishinda ila wewe, na hilo tutalifikia.

Kazi ya hapa hujaiona, kwa hiyo usiiseme. Kuna dereva wa malori ya jeshi aliyebaki na mkono mmoja. Kila asubuhi mkewe alikuwa anamfunga shati kama mtoto anayepelekwa shule. Nimemshonea sumaku ndogo nyuma ya vifungo. Anapitisha kiganja kifuani, shati limefungwa. Siku ya kwanza alilifunga na kulifungua mpaka mkewe akamwambia aache, litachakaa kabla halijafuliwa. Mwenye mguu wa bandia nampasulia suruali kwa ndani, natia zipu ndefu, ili asivue nguo zote kwa ajili ya kulegeza mkanda mmoja. Hayo sikufundishwa na mtu. Nilikaa, nikafikiri, nikajua.

Ila sikufichi, nilianza kwa kupigwa. Mtindo wangu wa kupima unaujua. Mteja akiiona futi anavuta tumbo na kutanua kifua, halafu nguo ikimbana anakuja kunigombeza mimi. Kwa hiyo huwa namjia kwa nyuma, kimyakimya, shingo, mabega, kiuno, nimemaliza kabla hajajua. Basi akaja mmoja tunayemwita Sajini, jitu refu lisilopenda maneno, akasimama dirishani. Nikamjia nyuma. Futi ilipomgusa shingo sikuona kilichotokea. Nilijikuta chali juu ya meza ya kukatia, goti lake kifuani, chaki zangu zimesagika mgongoni. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Kisha yakaniona, akaniachia, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mimi nilimwambia ameniharibia chaki.

Akajifungia chumbani, chakula hataki. Msimamizi wa nyumba, mama mmoja aliyekuwa muuguzi, akaniita baba kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa, akasema niende nikapumzike, hakuna atakayenilaumu. Nikamwambia kama ananifukuza aseme, na kama hanifukuzi anipishe, nina kazi. Nikabeba kiti mpaka mlangoni kwa Sajini, nikaketi kupiga mapindo. Nilipochoka kumngoja nikamwambia hukohuko ndani kwamba suruali aliyoivaa inakiaibisha cheo chake. Akafungua ili anijibu. Nikampa futi anipime mimi kwanza. Akanizunguka taratibu, akatangaza kwamba bega langu la kushoto limeshuka, kumbe fundi mwenyewe alikatwa upande. Korido nzima ikacheka. Nilikasirika kwelikweli, maana ni uongo. Kisha akajipima mwenyewe, mgongo ukutani, mimi nasoma namba. Tangu hapo napima kutoka mbele, na kila mtu anashika futi yake. Uzee wote huu, nimebadili mkono.

Sasa lile nililoahidi. Niliwaambia nyote kwamba niliacha duka kwa kuchoshwa na sare za shule. Si kweli. Nilikwenda ile nyumba kupeleka mapazia tu. Nikaingia sebuleni, nikakuta viti vyote vimesukumwa ukutani, katikati patupu, na kila mwanamume ameegemeza mgongo anatazama mlango. Nikasimama na mapazia yangu mikononi kama mjinga. Wewe ndivyo unavyokaa. Kwangu, kwako, hata msibani, na sisi tukasema jeshi limekupa kiburi. Nilibaki pale ili nijue wanaume wale wanaangalia nini mlangoni, kwa sababu wewe hujaniambia na usingeniambia. Na goti la Sajini liliponitoka kifuani nilikumbuka harusi ya binti yangu, nilivyokujia nyuma nikupimie koti, ukageuka ukanisukuma, ukaondoka, na harusini hukutokea. Ulikuwa uso uleule. Mdogo wangu, ule msukumo sikudai tena.

Unasema nichague wao au wewe. Sichagui, kwa sababu sioni pande mbili hapo. Wala usinitishe, hukuniweza hata tulipogombania blanketi.

Koti lako nimelikata. Sikukupima. Nimelikata kwa jicho, nikikumbuka unavyosimama. Ni la bluu iliyokolea, nimeliachia nafasi mgongoni upate kupumua. Linaning'inia kwenye msumari ndani ya stoo yangu, na chini yake kuna kiti kilichoegemea ukuta, kinatazama mlango. Sajini alitaka kukikalia, nikamwambia kina mwenyewe. Hakuniuliza ni nani, alikwenda akaleta kingine akakiweka kando yake. Njoo. Utalivaa kwa mikono yako, na mimi nitasimama mbele, unaponiona. Lisipokukaa nitalifumua lote. Lakini litakukaa, kwani kashona nani?

Nisalimie shemeji na wanangu wote. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija unichape kidogo kwa ukaidi wangu, naye atakushikia koti.

Ni mimi kaka yako, fundi,
mwenye mabega yote mawili sawa.