Nazi Uliyoitoa Kapuni

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini siwezi kusema nawe bila kuamkia. Ungeniambia nimekosa adabu, na adabu ulinifunza kwa kiboko. Naandika kwa kalamu yako ile yenye nibu iliyopinda. Makame, mume wangu, amelala. Mtoto nimempeleka kwa jirani, na jua bado liko juu, kwa hiyo nina nafasi kidogo kabla ya kwenda kisimani.

Nyumba yako ya Kilindoni tumempangisha karani mpya, kijana wa Bagamoyo, mpole, anayepaka viatu dawa kila asubuhi kana kwamba huku kuna lami. Ndiye aliyekalia kiti chako bomani. Kila mwezi anazunguka madukani kama ulivyozunguka wewe, anauliza bei ya sukari, mafuta ya taa, sabuni, nguo ya marekani na maziwa ya kopo, anaandika, anapeleka Dar es Salaam. Mara ya kwanza nilipomwona akiingia dukani na mfuko wako begani nililia barabarani, watu wakanishika wakidhani nimepandwa na shetani.

Nakumbuka nilivyokuuliza, nikiwa msichana, kazi yako hasa ni nini, maana watoto wenzangu walisema unalipwa kwa kunywa kahawa madukani. Hukukasirika. Ulikwenda jikoni ukachukua kapu la mama ukaliweka mkekani. Ukasema, "Kapu ni hili hili na vitu ni vile vile. Kila mwezi nauliza: leo kulijaza ni shilingi ngapi? Ikizidi, maisha yamepanda. Ikipungua, yameshuka. Kwa hesabu hiyo wakubwa huamua nani aongezwe mshahara." Kisha ukanifunza lile ambalo mpaka leo nawaambia wenzangu kisimani: mshahara peke yake haukwambii kitu, uweke kwanza kando ya kapu. Mama akataka kapu lake arudishiwe, akanunulie mboga.

Nakumbuka pia siku ile orodha ya vitu ilipotoka Dar es Salaam, wakakutaka uitazame, ufute visivyonunuliwa huku. Ulirudi nyumbani unacheka peke yako. "Wameandika nazi! Mafia, nani anunue nazi?" Tulicheka wote mpaka mama akapaliwa. Na kweli Baba, wakati ule kununua nazi Mafia ilikuwa aibu. Mkwezi alichukua fungu lake la nazi katika kila mnazi aliokwea, mwenye shamba akampa na posho ya mchele, na asiye na mkwezi nyumbani alibisha kwa jirani. Ukaikata nazi kwa kalamu, mstari mmoja ulionyooka, kwa maringo ya mtu anayejua kwao. Hata mimi ningeikata.

Uliponioza kwa Makame, mkwezi wa huku Kirongwe, mjomba Athumani alinuna: mtoto wa karani kwa mkwea minazi! Wewe ukamjibu, "Mke wa mkwezi hali wali mkavu." Nilijivunia neno lile. Niliingia nyumba hii na mbuzi mpya ya kukunia, na miaka ya mwanzo haikupoa, kila siku nakuna, kila siku tui.

Kisha vita vikaisha na mbata, nazi iliyokaushwa ya kukamuliwa mafuta, ikawa dhahabu. Wenye mashamba wakaona kila nazi anayochukua mkwezi ni fedha inayotoka mfukoni mwao. Wakaita watu, wakasema kuanzia sasa hakuna nazi na hakuna posho, ila mshahara unaongezwa. Watu walipiga makofi, Baba. Makame alipiga makofi! Alikuja nyumbani na zile shilingi za nyongeza akanifungia kangani kwa mkono wake. Kabla mwezi haujaisha tukajua tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mchele wa kununua, nazi ya kununua, na nazi yenyewe kila ukienda imepanda, kwa sababu mwenye duka naye anashindana na wasafirisha mbata. Ukiokota iliyoanguka chini ya mnazi wa shamba, unafungwa kwa wizi. Kisiwa kizima ni minazi na sisi tunakula chukuchuku.

Hayo hukuyajua. Ulikuwa Kilindoni, na orodha yako ilikuwa na maziwa ya kopo. Ulikuja kututembelea, nikakuandalia wali wa maji na samaki wa kuchoma. Ukatania, "Mkwezi amegoma?" Nikakwambia nazi tunanunua siku hizi, na leo sina cha kununulia. Ulicheka, ukidhani nakurudishia utani wako wa zamani. Kisha ukamtazama Makame, naye akatazama chini, ukaacha kucheka. Ukaosha mikono kabla hujashiba. Homa ilikushika wiki ile ile, na mara ya mwisho uliponitambua ulisema, "Zuhura, ile nazi niliitoa kwa mkono wangu." Uliniomba kalamu. Nilikupa, ikakuponyoka.

Sasa nikupe habari mbaya, nami nimezunguka kwa makusudi nisizifikie.

Makame ameanguka. Tangu mshahara usitoshe alikuwa akikwea minazi ya zamu yake, akimaliza anakwea ya mwenzake aliyekwenda bara kukata mkonge, apate kidogo cha juu. Nilimwambia tumbo tupu halikwei. Alinijibu kwamba tumbo tupu ndilo linalokwea. Alianguka asubuhi, kumekauka, hakuna umande wala upepo wa kusingizia. Kitanzi cha miguuni hakikukatika. Mikono tu ilichoka. Mgongo umeumia na miguu haisikii kitu hata nikiifinya. Tabibu wa Kilindoni alikuja, akaniambia nimgeuze mara kwa mara asioze, akaenda zake.

Baada ya hapo ndipo wakaja mabwana wa hesabu kutoka Dar es Salaam, waone kama wakwezi wanastahili nyongeza. Baraza likakaa bomani. Nilikwenda, nikakaa nyuma na wanawake. Bwana mkubwa alisema Kiswahili safi kuliko changu. Alisema amesoma takwimu za Mafia na amefurahi: mshahara umepanda, na kapu limeshuka, kwa sababu nguo na sabuni na maziwa ya kopo vimeteremka tangu meli zianze kuja. "Sasa mnalia nini?" Hakuwa akitukejeli, Baba. Alikuwa akiuliza kweli.

Wakwezi wakasema, nazi, bwana. Akafunua karatasi zake. Akasema karani wa hapa hapa, mzaliwa wa kisiwa, aliandika kwamba Mafia nazi hainunuliwi. "Nimwamini yeye au ninyi?" Watu wakainamisha vichwa. Ungekuwa mtu wa ovyo wangekukana pale pale. Lakini nani wa Mafia atasimama aseme wewe ni mwongo? Jina lako jema ndilo lililowaziba midomo, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikijua ulichoniambia kitandani.

Nikasimama. Nikasema, "Huyo karani ni baba yangu, na alikosea." Nikasema alipoandika ilikuwa kweli, kisha ikaacha kuwa kweli, naye hakurudi kuitazama. Nikasema mchele wetu hatuupati tena kwa posho, nazi tunanunua, na maziwa ya kopo hatujui yanafunguliwaje. Mjomba Athumani alitoka nje na hajanisalimu tangu siku ile. Anasema nimemfukua marehemu. Karani mpya alikuwa akiandika upesi upesi, masikio yamemwiva.

Nazi imeingia kapuni, Baba. Usifurahi bado. Wameiingiza kwa bei ya leo, na hesabu yake inaanzia leo, kana kwamba nazi ilikuwa ghali tangu Adamu. Ikipanda kesho, wataiona. Kule kupanda kwake kwa zamani, kulikompandisha Makame minazi ya watu wengine, hakumo na hakutakuwamo. Karani mpya alikuja mwenyewe kunieleza, amesimama mlangoni anasugua kiatu kwa kiatu. Alisema kila orodha ina siku yake ya kwanza. Nyongeza iliyotolewa, wakwezi wameipokea, wamesema alhamdulillahi, na nusu yao wameshapanda chombo kwenda bara kwenye mkonge.

Jambo jingine lililokuwa likininyima usingizi ni hili. Siku ya maziko yako mjomba alisimama kabla hujaswaliwa, akasema kama ilivyo desturi, anayemdai marehemu aje kwetu, na aliyekosewa naye amsamehe. Watu wote waliitikia kwamba hawakudai. Walisamehe wasichokijua. Baada ya baraza nikaona radhi ile haina uzito, kama kufunga bila kunuia. Basi nikajifunga buibui nikaanza upya, nyumba kwa nyumba, kila penye mkwezi: baba yangu aliitoa nazi, nyumba hii ikapata dhiki, nakuja kumwombea radhi.

Ungewaona! Wengine walinikalisha wakalia nami. Bi Tatu, ambaye mume wake naye yuko kwenye mkonge, alisema, "Mwanangu, hata mimi ningeikata, nani angejua nazi itakuwa na bei?" Mzee mmoja alinifukuza kwanza, nikiwa njiani akamtuma mkewe aniite, akasema amesamehe, ila nisimtajie takwimu tena maisha yake yote. Wamekusamehe, Baba. Nyumba zote nilizozikanyaga.

Imebaki nyumba hii ninayoandikia.

Niliiacha mwisho kwa sababu nilidhani ndiyo iliyo rahisi. Makame alikupenda. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha uji, kisha nikamwambia nilipotoka na walivyosema, nikamwomba. Kisha akasema, taratibu, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira: "Wale umewaomba nazi, Zuhura. Mimi unaniomba miguu." Akageuza uso ukutani. Siku hizi uso ndicho kitu pekee anachoweza kukigeuza bila mimi.

Nimekasirika, Baba. Sikukuficha siri nilipokuwa mdogo na sitakuficha sasa. Kuna siku namkasirikia yeye, kwamba analala na neno moja tu la kunipa na hanipi. Kuna siku nakukasirikia wewe na ule mstari wako ulionyooka. Kisha namwona alivyokonda, nakukumbuka ulivyoosha mikono na njaa yako, na hasira haina pa kukaa. Mimi ni mke wake na ni mwanao. Sina nyumba ya tatu ya kukimbilia.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Sitamwomba tena kwa mdomo, maana si haki kumsumbua mtu asiyeweza kuinuka akaondoka. Nitamwosha, nitamgeuza, nitampikia kwa tui siku nitakayoweza na kwa maji siku nisipoweza. Akilisema neno lile, hata kama ni jua la mchana, nitafunga mlango nije mpaka kaburini nikuambie kabla sijamwambia mtu mwingine. Asipolisema, sitamlaumu, wala sitadanganya kwamba amelisema.

Watu wakimaliza barua kama hii huandika lala pema. Mimi siwezi. Lala ukijua unadaiwa, na kwamba anayekudai namfunika shuka kila usiku.

Mwanao,
Zuhura