Ndoo Mbili za Vyura kutoka Gulwe

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika hivyo kwa mazoea tu. Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike pale kijijini Gulwe, na sijalia. Hapa mjini, Nkuhungu, majirani wanakuja kunipa pole, naitikia, nawapa chai, wakiondoka naosha vikombe. Wanasema nina moyo mgumu. Si ugumu mama, ni ganzi.

Kazini naenda. Unakumbuka siku uliyoniuliza, huku unachambua mlenda, "Sasa mwanangu, shahada nzima ya mayai ya chura?" Nikakueleza kwamba yai la chura likiwa bado tumboni mwa mama yake huwa limesimama, haligawanyiki. Likipata homoni, ndani yake huamka kimeng'enya kiitwacho kinasi. Chenyewe kazi yake ni kuzibandika protini nyingine chembe ya fosfeti, na zikishabandikwa nazo zinaanza kazi, yai linaanza kujigawa. Ulinisikiliza hadi mwisho, ukasema, "Kumbe ni mnyapara." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Siku hizi nawafundishia wanafunzi neno hilo, ila sijawahi kuwaambia ni la nani.

Ndipo ukajitolea kunitafutia vyura. Madimbwi ya huku yalikuwa yamekauka, na wewe ulilijua lambo la kunyweshea ng'ombe ambalo wale vyura wenye kucha ninaowatumia maabara hawaliachi. Ukawavua kwa chandarua kikuukuu, ukapanda treni na ndoo mapajani. Nilipofunua kifuniko, wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Ulikuwa umemwaga maji ya lambo, ukaweka ya bomba, ukatia vidonge vitatu vya kutibu maji kama bwana afya anavyowahimiza wanakijiji kila masika. Klorini ya vidonge hivyo huua vyura.

"Niliona aibu kuleta maji ya ng'ombe chuoni," ulisema.

Na mimi nikakujibu, mbele ya mwenzangu wa maabara, "Si ungeuliza, mama? Umeniharibia kazi ya miezi!" Ukajifunga khanga yako vizuri. "Basi mwanangu, nisamehe," ukasema, ukaenda stesheni bila kunywa hata maji. Mtu mzima kama wewe, ukaniomba msamaha mimi.

Haikupita wiki mbili, shangazi akaja mjini na ndoo nyingine uliyomkabidhi. Maji ya tope, majani juu, vyura wote wazima. Sikukupigia. Mwanzoni nilikuwa bado nimenuna, nakiri. Halafu nikaona aibu ya kununa, nikajiambia nitapiga simu jaribio likifaulu, nikupe habari iliyokamilika.

Likafaulu. Mayai niliyoyapa homoni peke yake yalitoa doa jeupe kwenye ule upande wake mweusi, ndiyo dalili kwamba yameamka. Yale niliyoyatia pia dawa ya kumzuia mnyapara wako yalibaki vilevile, meusi, yamesimama. Msimamizi wangu alichungulia kwenye hadubini akasema, "Hii sasa ni kazi safi." Nikatoka nje nikupigie. Kabla sijabonyeza namba, simu ya shangazi ikaingia. Presha ilikuwa imekuangusha shambani asubuhi hiyo, na hukuamka.

Juzi nilimpigia shangazi kumjulia hali, tukazungumza habari zako. Akaniambia aliporudi kijijini ulikuwa unamuuliza kila jioni kama nimempigia yeye. "Siku ya nne nikaona huruma," akasema. "Nikamwambia umenipigia mimi, vyura wamefika wazima, na unamshukuru sana. Wee, alifurahi! Kisimani hakukukalika, kila mtu kasimuliwa vyura."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilitaka kumshukuru, nako nikashindwa. Nikamuaga, nikaenda maabara kubadilisha maji ya vyura.

Lakini nisikufiche, mama. Sikupiga. Shukrani ulizokwenda nazo ni za kutungwa na wifi yako, na mimi sikuwa na mkono ndani yake. Kwa hiyo ziweke kando hizo, upokee hizi, japo zimechelewa: vyura walifika wazima, wote. Asante. Na siku ile hukunikosea lolote.

Pumzika.

Mwanao, kitinda mimba wako