Mvua Uliyoiita Hadjara

Mwaka umetimia, binti yetu Asiya Mbaraka, tangu homa ya siku nne ikutwae tukakuzika hapa Rumonge.

Ulikuwa mpole kwa wadogo na mbishi kwa wakubwa. Ukifika Ijumaa kutoka Bujumbura, ulimuuliza baba yako amesoma nini wiki hiyo, ukimwita "profeseri wa jioni", kwa kuwa shule yake yote aliipata jioni, baada ya useremala. Alijifanya kukasirika.

Kazi yako huko ilikuwa kuchunguza salfa, ile inayopanda na moshi, ikaingia katika maji ya mawingu na kuganda nayo. Ulikinga mvua kwenye bati la mama yako, ukaigandisha katika friji yake anamotengenezea wachuuzi wa samaki barafu, na kila chupa ukaiandika jina la mama, Hadjara, na namba. Maabarani uliimulika kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, ukajua salfa imegeuka nini.

"Baba, watu wanadhani kilichoganda kimetulia," ulisema. "Humo ndani kazi inaendelea."

Melkiades, mwenzako wa maabara, alikula kwetu na kumwita mama yako mama. Alibeba jeneza lako. Baada ya arobaini alikuja kuomba madaftari yako, ili kazi isipotee, alisema. Baba yako aliyafunga kwa kamba kwa mikono yake, akamwambia murakoze, asante.

Mwezi wa tano makala ya Melkiades ikatoka. Baba yako aliisoma siku tisa, kamusi ya Kifaransa pembeni. Jina lako hakuliona, hata kwenye shukrani. Ila chini ya mchoro wa tatu paliandikwa: Hadjara 4. Akampigia simu, akamuuliza Hadjara ni nani.

"Ni jina la kituo cha mvua, mzee."

Mama yako alikuwa ameketi hapo hapo, anasikia.

Tunaumia, Asiya, maana mlango tulimfungulia sisi.

Daftari moja halikuingia katika kamba ile. Mdogo wako Djibril alikuwa analisoma. Lina mwandiko wako, tarehe, na vipimo vya chupa ya nne.

Jumapili baada ya adhuhuri tutakusomea hitima nyumbani. Melkiades tumemwalika. Daftari litakuwa mezani, na Hadjara mwenyewe atampakulia wali.

Wanaokukumbuka: baba yako Mbaraka, mama yako Hadjara, mdogo wako Djibril, na shangazi yako Esha wa Kizuka.

Siku zote tutakukumbuka, na kwa jina lako.