Nguva Ana Vidole

Babake Bakari,

Umefanya vibaya kufa kabla ya kumfunza mwanao kusikiliza. Mvua ya pili hii yaingia tangu tukuzike, na kiburi cha Bakari kimeota kuliko nyasi za kaburi lako. Amemfukuza Athmani. Mwanawe wa kumzaa, mjukuu wako, sasa alala Wiyoni kwa wachoma chokaa, na kisa ni nguva.

Alikuja mzungu kukusanya mifupa ya wanyama wa bahari, akamchukua Athmani amsaidie kuichemsha na kuikwangua. Ndipo akamwambia kuwa nguva wa kale walikuwa na miguu, wakitembea nti kavu. Wakaingia majini, na kizazi baada ya kizazi mikono ikawa mapezi, miguu ikapotea. Athmani naye, mdomo wake hauna mlango, akaenda kuyamwaga hayo barazani nje ya msikiti. Bakari akaona haya mbele za watu. "Amekufuru," akasema, akamtolea mkeka nje.

Mimi yule mzungu simwamini. Nilimwambia Athmani, Mungu akitaka kiumbe chenye mapezi hangojei vizazi. Akanijibu, "Sawa, Bibi. Basi vidole vilivyomo ndani ya pezi vyafanya nini?" Ana ulimi kama wako. Nikamwambia ale, chakula chapoa.

Lakini vidole hivyo nimeviona, na wewe ndiye uliyenionyesha. Wakumbuka? Bakari alikuwa hajazaliwa. Uani ulipasua pezi la nguva uliyemvua, ukaushika mkono wangu umejaa tui, ukauweka kando ya ile mifupa. Kifundo kwa kifundo. Ukasema, "Mwana Esha, huyu ni jamaa." Nikakupiga na upawa, ukacheka mpaka ukakaa chini. Lile pezi hukuwapa paka. Ulilizika chini ya mkomamanga, ukidhani sikuoni.

Na kila nguva uliyemkamata ulimwelekeza kibla, ukamchinja kwa bismillahi. Wenzako wakikucheka, kiumbe cha bahari hakichinjwi, mbona dagaa huwachinji? Ukawajibu, "Anyonyeshaye mwanawe kifuani, simli kama kibudu."

Hayo yote nilimwambia Bakari jana. "Nyama ile ndiyo iliyokukuza," nikamwambia. "Babako alimwona mnyama wa nti ndani ya maji, akashika kisu, akamchinja. Nani alimtolea mkeka?" Akasema, "Baba hakusema walitembea." Nikamwambia hakusema, wala hakumfungia mlango mtu kwa kuuliza. Akatazama chini. Hajakubali. Lakini akitazama chini hivyo ni wewe mtupu, na mimi nikamwacha, nikaenda kukuna nazi.

Nguva alikotoka sikujui. Mungu ajua, nawe huenda umeshaambiwa. Nikujuako ni alikotoka Athmani, na huko atarudi. Nakuahidi. Kesho nikimaliza swala ya alfajiri nashika ndia ya Wiyoni kwa magoti yangu haya mabovu, na usiku atalala kitandani mwako, Bakari atake asitake.

Mungu akupanulie kaburi, mume wangu. Nina hamu nawe, usijivune.

Na usithubutu kumjia Bakari ndotoni kumkemea. Huyo niachie mimi.

Mwana Esha